Ijumaa Lilipofutwa Daftari la Wajawazito

Kila kijana anayenikuta barazani siku hizi ananambia neno moja, kwamba kazi yangu imekuwa rahisi. Mzee Hamad, sasa ni kubofya tu. Namwitikia kwa adabu, huku damu inanichemka. Kubofya tu. Hata kuvuka barabara bila kutazama ni kutembea tu.

Nimetunza kompyuta za hospitali moja hapa Pemba kwa miaka ishirini na sita. Jina lake sitalitaja, kwa sababu waliomo sasa hawana kosa na sitaki waulizwe njiani. Nimestaafu, magoti yananiuma, na nina hasira. Nawaandikia nyinyi mnaoingia kazi hii nikiwa nazo bado, maana zikipoa nitaanza kupamba maneno, na mambo haya hayafai kupambwa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Zamani ukiweka programu kwenye kompyuta ilijisambaza kila pembe, na siku ya kuitoa uling'oa hadi vya jirani. Siku hizi tunatumia kontena. Programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, inakaa peke yake, na ukiichoka unaitoa na kuleta mpya, hata kahawa haijapoa. Shemeji yangu wa Mtambile alisikia nashughulika na makontena, akaniomba nimtafutie nafasi ya friji kutoka Dubai. Mpaka leo anaamini nilimnyima.

Kontena ni kitu cha kutupwa. Kisichotupwa ni kumbukumbu zenyewe, na hizo zinawekwa nje ya kontena, mahali pake kwenye diski. Sisi tulipaita ghala. Kontena likitolewa, ghala linabaki palepale likingoja kontena jipya lifungwe nalo. Mkisahau yote niliyoyaandika humu, hilo msilisahau.

Mwanzo tulifanya haya kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, na ukikosea herufi moja mashine inakugomea. Tulikuwa tunailaani. Sasa naona ile skrini nyeusi ilikuwa mlinzi mzuri, maana asiyejua kitu alikuwa hana la kufanya mbele yake. Kisha ukaja huu ukurasa wa kufunguliwa kama tovuti yoyote. Makontena yote yamepangwa kwa safu, yanayofanya kazi yana kijani, yaliyosimama yana nyekundu, na vitufe vipo hapo hapo vya kuwasha, kuzima na kuondoa. Nani aliuleta hospitalini? Mimi. Nilijigamba nao wiki nzima. Nilimwita hadi mpishi aje autazame.

Aliyenifunza kazi ni Bwana Kanti, Mhindi wa Wete, aliyezaliwa nyuma ya duka la baba yake na kukisema Kipemba kunishinda mimi. Alitengeneza redio, kisha televisheni, kisha kompyuta zilipokuja akazikaribisha. Siku yangu ya pili kwake nilifungua redio ya mwalimu mmoja na kuchomoa nyaya sita kwa mbwembwe, aone nina mkono mwepesi. Bwana Kanti akaagiza chai. Tulipomaliza kunywa akaniuliza kila waya unarudi wapi, na sikuujua hata mmoja. Tulikaa na redio ile mpaka alasiri, na mwenyewe alikuja kuichukua akatukuta tunapapasa.

Tangu siku hiyo alinipa kipande cha kanga kuukuu na kalamu ya wino. Kila waya kabla ya kuchomolewa ufungwe kitambaa chenye jina lake. Alinambia kitu kisicho na jina mtu atakitupa, na wewe hutakuwa na haki ya kumlaumu. Nilifunga vitambaa miaka minne, na mikono yangu ilinuka wino hadi kwenye sahani ya chakula.

Basi mwanafunzi huyo wa Bwana Kanti, alipokuja kuliwekea ghala daftari la wajawazito, ile programu ya kuwaandikia akina mama wa kliniki, ghala hilo hakulipa jina. Aliacha jina la mashine, msururu wa herufi na tarakimu usio na mwanzo wala mwisho. Nilijiambia nitalibadilisha Jumatatu, na Jumatatu zikapita. Katika daftari lile kila mama aliandikwa kundi lake la damu, siku yake ya kurudi, kama ana presha, kama aliwahi kupasuliwa. Mkunga akimpokea mama mwenye uchungu anafungua daftari na kujua ana nani mbele yake. Na kitu kizito namna hiyo nilikiacha bila kitambaa. Lipeni jina kila ghala. Liandikeni la nani, na nani aulizwe kabla ya kuguswa. Ni kazi ya nusu dakika, na mimi nusu dakika hiyo sikuwa nayo kwa mwaka na zaidi.

Nije sasa kwenye muhali, ile haya ya kumkatalia mtu, ugonjwa wetu watu wa visiwa hivi. Mkubwa wetu wa hospitali, nami nitamwita hivyo hivyo Mkubwa, alisikia habari za ukurasa ule akataka aweze kuuona kwenye simu yake. Ukurasa unaruhusu kumpa mtu ruhusa ya kutazama tu, bila ya kugusa. Nilijua hivyo. Lakini Mkubwa ni mtu mzima, husali safu ya mbele, na mama yangu alipofariki alishika jembe kaburini kwa mkono wake. Nimwambie mtu huyo kwamba yeye atatazama tu? Niliona muhali. Nikampa paswedi yangu mwenyewe, ile ya kufanya lolote. Halafu alitaka kuuona hata akiwa safarini Unguja, nikautoa ukurasa nje kwenye mtandao wa dunia nzima, kwa muhali ule ule. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu wenye ufunguo mmoja na jina moja, na kila jambo lililofanywa na yeyote kati yetu liliandikwa kuwa limefanywa na huyo mmoja. Najua mnacheka. Chekeni, kisha mkatazame wangapi wana paswedi zenu.

Wa tatu alikuwa Zuwena. Aliletwa kwangu na stashahada yake na mkoba wake mweusi, kwa mkataba wa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Alikuwa analea wadogo zake wawili, na mkataba ukithibitishwa ndipo mambo yao yangekaa sawa. Sijapata kumwona mtu makini kama yeye. Kabla ya kugusa kitu aliandika hatua zake kwenye daftari la mkono, moja moja, na akimaliza anaitia alama. Mimi nilikuwa na uzoefu, lakini kwa umakini alinipita mbali, nasema hivyo nikiwa na akili zangu.

Ijumaa hiyo alikuwa abadilishe programu ya daftari la wajawazito kwa toleo jipya. Alichagua wakati wa sala kwa sababu kliniki inakuwa tupu, na yeye mwanamke ndiye anayebaki ofisini sisi tukienda msikitini. Asubuhi alikuwa amenakili lile jina refu la ghala herufi kwa herufi, akanisomea na mimi nikilifuata kwenye skrini, mara mbili. Mpango wake ulikuwa sahihi, atoe kontena la zamani, alete jipya, alifunge na ghala lile lile. Ila intaneti ilikuwa inasuasua, na kontena jipya likachukua zaidi ya nusu saa kushuka. Katika nusu saa hiyo ghala halikuwa limefungwa na kontena lolote. Na ghala lisilofungwa na chochote, ukurasa ule unalibandika neno la Kizungu lenye maana ya haitumiki.

Hapa natukana kimoyomoyo kila nikikumbuka. Haitumiki. Maana yake ni kwamba kwa dakika hii hakuna kontena lililoshikana nalo, basi. Haina maana kwamba halina thamani. Godoro langu halitumiki tangu alfajiri mpaka saa nne za usiku, na atakayelitupa mchana nitampeleka kwa sheha. Aliyeweka neno lile pale hajapata kufikiria litasomwa na nani.

Asubuhi hiyo hiyo mashine ilikuwa imetoa onyo kwamba diski inakaribia kujaa. Nilimweleza Mkubwa, nikamwambia nitasafisha Jumatatu. Kisha tukaenda kusali.

Nilikaa safu ya pili, nyuma ya Mkubwa kidogo upande wa kulia. Khatibu alikuwa mimbarini, na khutba ikisomwa hata kumnyamazisha mwenzio hutakiwi. Nikaona simu ya Mkubwa iko pajani, imefichwa na mkono wa kanzu. Nilikuwa naujua ukurasa ule kama ninavyoijua sebule yangu, ile safu ya buluu pembeni na vile viboksi vya kutia alama. Kidole gumba chake kilikuwa kinatia alama boksi moja baada ya jingine. Nikasema moyoni anaangalia tu. Nikageuza macho, kwa sababu anayemchunguza mwenziwe kwenye khutba naye khutba haimfikii.

Tuliporudi Zuwena alikuwa amesimama. Kiti kiko pale, lakini amesimama. Alinambia ghala halipo. Kontena jipya lilikuwa limefika na kukuta hakuna cha kufungwa nacho.

Nikaenda kwenye bekapu, ile nakala ya akiba, kwa kujiamini, na ya karibuni ilikuwa ya siku kumi na tisa nyuma. Nilikuwa nimeisimamisha mwenyewe kwa sababu ya diski ile ile kujaa, nikasahau kuirudisha. Andikeni na hilo kwenye orodha ya madhambi yangu. Na msiniambie nyinyi mna bekapu kama hamjawahi kujaribu kuirudisha.

Siku kumi na tisa za akina mama zilikuwa zimepotea. Kadi zao za karatasi wanakaa nazo nyumbani, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, kuwafuata. Nani alikwenda? Zuwena, kwa pikipiki ya hospitali na dereva wake, kijiji kwa kijiji. Kule Pujini mama mkwe mmoja alikataa kutoa kadi ya mkwewe mpaka mgeni ale, na habari ikamtangulia nyumba kwa nyumba, ikawa kila mlango ni muhogo wa nazi na samaki. Alirudi hospitalini ameshiba mpaka hawezi kuinama kwenye kibodi. Bibi mwingine alimuuliza kama kweli mashine inaweza kusahau, naye akajibu ndiyo, imesahau. Hakuna nyumba ambako alilalamika kwamba anasingiziwa. Alizirudisha kadi zote, na hakuna mama aliyedhurika, alhamdulillahi. Nawaambia hilo ili msidhani nalia juu ya maiti. Kilichokuwa kinauawa ni jina la mtu.

Maana maneno yalishaanza. Nani alibaki ofisini? Nani alitoa kontena? Kitabu cha mashine kinasema limetolewa saa sita na nusu, na ghala limefutwa saa saba kasorobo, kwa jina lile lile moja. Kwa asiyejua, hesabu imekwisha.

Jumatatu niliingia kwenye seva iliyo mlangoni, ile inayopokea kila anayeufungua ukurasa, awe ndani au nje. Yenyewe haiandiki majina, inaandika mtu alitokea wapi na ana chombo gani. Amri ya kuondoa kontena ilitoka kwenye kompyuta ya ofisini. Amri ya kufuta maghala manne, la wajawazito likiwamo, ilitoka kwenye simu, kwa mtandao wa simu, nje ya hospitali. Niliichapa rekodi ile kwenye karatasi nikampelekea Mkubwa chumbani kwake, na mlango nikaufunga.

Aliisoma, akavua miwani. Hakukana. Alisema alitaka kunipunguzia kazi, kwamba imeandikwa haitumiki, naye kaondoa visivyotumika. Kisha akauliza ni nani mwingine anayejua. Nilimjibu kuwa hakuna. Akasema kwa sauti ya chini, "Hamad, watu watauliza nilikuwa wapi saa hiyo. Nisitiri."

Mnaelewa alichokiomba? Si kosa la kufuta alilolionea haya. Kufuta kunasameheka. Alionea haya khutba. Mtu wa safu ya mbele, anayewakemea vijana kwa simu msikitini, ajulikane alikuwa anachezea yake imamu akiwa mimbarini. Nami nikakumbuka jembe la kaburini kwa mama yangu, nikaona muhali mkubwa kuliko wote. Nikakubali. Narudia kuandika ili nisijifiche: nikakubali. Karatasi niliiacha mezani kwake.

Tumefunzwa kumsitiri mwenzetu, na ni mafunzo mazuri. Lakini sitara ni nguo. Huwezi kumvua mtu mmoja njiani ili umvishe mwingine, halafu urudi nyumbani ukijiita mwema. Hasira hizi nilizonazo zilianza siku ile, na miaka mingi nilizielekeza kwa Mkubwa, kwa ukurasa, kwa waliotengeneza ukurasa, kwa kila mtu isipokuwa mwenye nyumba, mimi mwenyewe.

Kikao kilikuwa cha watu watano, Mkubwa akiwa mwenyekiti. Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilisema mimi fulani nakiri kufuta kumbukumbu kwa uzembe, na kwamba mkataba wangu ukiisha hautathibitishwa. Zuwena aliisoma mara mbili, polepole, kama alivyosoma kila kitu. Kisha hakumtazama Mkubwa. Alinigeukia mimi.

"Maalim," akasema, "nawe wasadiki kuwa ni miye?"

Nilikuwa na jibu la neno moja. Watu wanne walikuwa wananitazama, na Mkubwa alikuwa anatazama mikono yake.

"Zuwena," nikamwambia, "tia sahihi, mambo yapoe."

Alinitazama muda, uso wake ukabadilika, nikadhani amevunjika moyo. Kisha akatia sahihi bila kuuliza tena. Akafunga kalamu, akanirudishia, kwa sababu ilikuwa yangu.

Mkataba wake ulipokwisha alifungua kijiduka Wete, anatengeneza simu na kusajili laini. Mmoja wa wadogo zake aliacha skuli akaenda Tanga kutafuta kazi. Mimi niliendelea miaka mitatu mingine. Nilibadilisha paswedi, kila mtu na yake, nikampa Mkubwa ruhusa ya kutazama tu na hakuteta. Nililipa jina kila ghala. Ukurasa ukawa mzuri kabisa, wa kuonyeshea wageni. Ilichukua asubuhi moja kufanya yote hayo, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Siku ya kuniaga walipika biriani, wakanipa cheti na saa ya ukutani. Mkubwa alihutubia, akasema mimi ni mtu wa amana. Watu wakapiga makofi. Nilipoinua uso nikamwona Zuwena mlangoni. Sijui nani alimwalika, na sikudhani atakuja. Alinishika mkono kwa heshima, akaketi kando yangu na sahani yake. Tuliongea habari za dukani, habari za nyumbani. Nikamwambia nina jambo linanikaa rohoni tangu siku ya barua ile.

Akanikatiza kwa upole. Alinambia nisijisumbue, yeye alijua tangu Ijumaa ile ile. Ukurasa ulikuwa wazi mbele yake akisubiri kontena, na aliliona ghala likitoweka kwenye orodha bila yeye kugusa kitu. Wenye ufunguo tulikuwa watatu. Mwenyewe hakufuta. Mkubwa alikuwa safu ya mbele, na kila mtu anajua Mkubwa hainui kichwa khutba ikisomwa. Akabaki mmoja. Hakutaka kuamini, ndiyo sababu aliniuliza pale kikaoni, na nilipomwambia atie sahihi mambo yapoe, akaona nimeshamjibu.

"Basi n'litia sahihi kwa ajili yako, Maalim," akasema. "Weye ndo ulon'funza kazi. N'kasema n'kusitiri."

Vijana, nimewahi kuona seva ikiungua, nimewahi kuona diski ikifa na mshahara wa watu ndani yake. Sijapata kusikia kitu kikanipiga namna ile. Miaka yote hiyo binti yule alikuwa na njaa yake na jina lake lililochafuka, na akilala anajiambia amemlinda mwalimu wake. Nikamwambia sikufuta mimi. Nikamwambia nilikuwa msikitini, nyuma ya aliyefuta, na nilikiona kidole chake.

Zuwena aliweka kijiko chini.

"Kumbe," akasema, "n'limsitiri nani?"

Mkubwa alikuwa viti viwili kutoka pale, anamenya chungwa. Nikamtaja jina lake kamili na la baba yake, kwa sauti ya kusikika meza nzima, na nikasema ilikuwa saa ya khutba. Chungwa likabaki mkononi mwake, nusu na ganda. Zuwena alimtazama kidogo tu. Kisha akanitazama mimi, na kwangu macho yake yalikaa muda mrefu zaidi.